Mume wa Kliniki

Wanafunzi wana majina yao ya kuniita nikigeukia ubao. Nayajua yote, na hakuna hata moja lililowahi kuninyima usingizi. Neno lililoninyima usingizi niliandikiwa na mtu mzima, mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Mjimwema, kwa kalamu ya bluu, huku akinitazama kwa huruma. Aliandika kwamba nimetelekezwa.

Sikuwa nimetelekezwa. Nilikuwa na mume, tena wa ndoa ya kanisani, mwenye afya na akili zake, aliyekuwa ananipigia simu kila jioni mpaka salio limwishie katikati ya neno. Kosa lake lilikuwa kwamba yeye alikuwa Kigoma na mimi nilikuwa Songea. Na huko hatukujipeleka. Sisi sote ni walimu wa sekondari na mwajiri wetu ni mmoja. Tuliomba kupangiwa pamoja, tukapangwa ncha mbili za nchi. Tukaomba uhamisho wa kufuata mwenza, ndivyo unavyoitwa, tukajibiwa kwamba kwanza apatikane mwalimu wa kubadilishana naye. Kila likizo tulikuwa tunamtafuta huyo mwalimu kwa marafiki na marafiki wa marafiki, kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea.

Miaka hiyo hati punguzo ilikuwa bado ipo. Kwa asiyeikumbuka, mjamzito alipohudhuria kliniki mara ya kwanza alipewa karatasi, akaipeleka kwenye duka lililokubaliwa, akaongezea kiasi kidogo, akatoka na chandarua chenye dawa. Mtoto naye alipata hati yake siku ya kuchanjwa surua. Ulikuwa mpango mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu ambao ukilalamika kuhusu mlango wanasema huipendi nyumba.

Mimi nilikihitaji kile chandarua kuliko wengi. Nimezaliwa milimani Lushoto, kwenye baridi, ambako mbu wa malaria tulimsoma kwenye kitabu cha sayansi. Nilikuja Ruvuma na damu isiyojua homa hiyo. Mimba yangu ya kwanza niliipata baada ya likizo ya mume wangu, na kabla haijaanza kuonekana malaria ikanilaza hospitali, na nilipotoka wodini nilitoka peke yangu. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mimba ya pili ilipoingia, mvua zilikuwa zimeanza, mfereji wa nyuma ya nyumba niliyopanga ulikuwa umejaa maji yasiyokwenda popote, na chandarua changu kilikuwa kile nilichoachiwa na mpangaji aliyehama. Kilikuwa na matundu ambayo paka angepita bila kuinama. Kila jioni nilikishona, na kila asubuhi nilihesabu, si matundu, bali vipele vya mikononi mwangu.

Mtu ataniuliza, mwalimu mzima, kwa nini usinunue kwa bei kamili? Nilijaribu. Mshahara wangu ulikuwa umesimama kwa sababu cheki namba yangu, namba ya kulipiwa mshahara, ilikosewa tarakimu huko ilikokosewa, na muuza duka mwenyewe aliniambia vyandarua alivyobakiza ni vya wenye hati. "Nenda kliniki tu, mwalimu," akasema. "Wewe ni mjamzito, hiyo ni haki yako." Nikamwamini.

Zahanati niliyokwenda sitaitaja. Ilikuwa na veranda ndefu yenye mabenchi mawili. Benchi la karibu na mlango lilikuwa la wanawake waliokuja na waume zao, na hao ndio walioitwa kwanza. Benchi la mbali lilikuwa la sisi wengine. Ukutani palibandikwa picha ya mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi, ameshika bega la mkewe mjamzito, wote wawili wanatabasamu. Nilikaa chini ya picha hiyo mpaka jua likaipanda veranda na kutufikia miguuni, huku waliochelewa kuja wakiingia na kutoka mbele yangu kwa sababu tu waliongozana na suruali.

"Baba yuko wapi?" nesi aliniuliza kabla sijakaa.

"Yuko kazini, nesi. Kigoma."

"Basi utakuja naye."

"Kutoka Kigoma?"

"Mama, huo ndio utaratibu. Hudhurio la kwanza mnakuja wawili, mnapimwa wawili, ndipo tunakufungulia kadi."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikafungua mkoba nikatoa cheti cha ndoa, nikakinyoosha juu ya meza. Alikitazama, akanirudishia.

"Cheti hakipimwi damu," akasema, na wale wa benchi la mbele wakacheka.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa makamo, miguu imemvimba kuliko ya wajawazito aliokuwa akiwahudumia, na nadhani alikuwa na mkubwa wake aliyetaka kusikia kwamba wanaume wanakuja kliniki. Lakini hasira haingoji kupata mtu mbaya. Nilimwomba anipe hata hati tu, kadi atanifungulia siku mume wangu atakapokuja likizo. Akasema hati haitoki bila kadi. Nikamwuliza na wale wasio na waume kabisa? Akasema hao wanaleta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kisha akaita anayefuata.

Nilitembea kurudi nyumbani nikizungumza peke yangu njiani kama kichaa. Yaani Serikali ileile iliyonitenganisha na mume wangu, ikaninyima uhamisho wa kumfuata, ndiyo inayoniambia nikamlete? Wamfiche wao, nimtafute mimi? Miezi mingi baadaye nilikutana na mtu anayefanya kazi ya afya, nikamsimulia, akashtuka. Akasema hakuna aliyeagiza mwanamke arudishwe, maelekezo yalikuwa wanaume wahamasishwe. Nikamwambia sawa, nimeelewa. Mwanaume anahamasishwa, na ili ahamasike, mkewe ndiye anayefukuzwa.

Kwa mwenyekiti nilikwenda siku iliyofuata, baada ya vipindi. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na alinipokea vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, karibu. Barua ya kliniki, eh?"

Nadhani alilijua tumbo langu kabla ya mimi mwenyewe. Akavuta karatasi, akaanza kuandika bila kuniuliza lolote, mkono unakwenda wenyewe kama wa mtu anayesaini. Alipofika katikati ndipo akainua kichwa.

"Amekukimbia lini?"

"Hajanikimbia, mzee. Yuko Kigoma, kikazi."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, kwa ile sauti watu wanayomwambia nayo mgonjwa kwamba leo anaonekana nafuu. Akamaliza, akagonga mhuri, akanigeuzia karatasi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huu, ni mjamzito, ametelekezwa na mwenza wake, tafadhali apatiwe huduma.

Nikamwomba aandike kwamba mume wake yuko kazini mkoani Kigoma. Akanielewesha kwa upole kwamba hiyo haitapokelewa. Kule wanataka neno hilo. Akiandika kwamba mume yuko kazini, wataniambia nimsubiri atoke kazini. Akiandika nimetelekezwa, nitahudumiwa siku hiyohiyo. Alikuwa na uzoefu, na nilijua anasema kweli.

"Ni neno tu, mwalimu."

Nilirudisha barua mezani nikamwambia akae nayo.

Kuna watakaoniona mpumbavu. Mbu anang'ata, neno haling'ati. Lakini mume wangu alikuwa anakula ugali na dagaa mwaka mzima ili nauli ya kuja kuniona itimie, anasafiri siku kadhaa kwenye basi magoti yakiwa kidevuni, anafika amevimba miguu, anakaa nami siku chache, anageuka. Mtu huyo ndiye niende nikamwandikishe kwenye faili la watu waliokimbia wake zao? Na mhuri juu yake? Halafu kesho chumba cha walimu kizima kiwe kimejua? Nilisema hapana. Nikasema hapana huku vipele vikiniwasha mikononi, na nilikuwa naogopa, sana.

Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni jirani yangu wa chumba cha pili. Alikuwa msichana wa Namtumbo, mke wa mkulima wa tumbaku wa Lusewa, na mimba yake ilikuwa imetangulia kidogo yangu. Mumewe kwa kawaida alikuwa shambani, ila siku hizo alikuwa mjini akisubiri mbolea ambayo ilikuwa inakuja kesho tangu mwezi uliotangulia. Jioni hiyo tulikuwa uani, mimi nachambua mchicha, yeye anasonga ugali, mumewe amekaa kizingitini anafungua skrubu za redio iliyokwisha kufunguliwa mara nyingi. Nikawasimulia yote, cheti, barua, neno lenyewe. Jirani yangu alipandwa na hasira kwa niaba yangu, akasema maneno ya Kingoni ambayo hakukubali kunitafsiria. Kisha akageuza ugali, akasema kama mtu anayetoa kikombe cha chumvi:

"Mbona unajitesa, madam? Mchukue huyu wangu."

"Nimpeleke wapi?"

"Kliniki. Nakuazima. Ila umrudishe kabla ya mchana, kuna kuni za kupasua."

Nilimtazama mumewe. Hakuinua macho kwenye redio.

"Mimi sina neno, shemeji," akasema. "Benchi la mbele limejaa kivuli."

Tulicheka mpaka mtoto wa mwenye nyumba akatoka kuja kutuangalia. Lakini kucha yangu ilikuwa inachimba kipele cha mkononi wakati nacheka, na kabla ugali haujaiva nilikuwa nimekubali.

Asubuhi yake akavaa shati safi na kofia yake ya Ijumaa, tukaongozana, yeye mbele kidogo kama waume wanavyotembea, mimi nyuma. Tulikaa benchi la mbele. Sikuwahi kukaa mahali nikaona aibu namna ile. Wenzangu wa benchi la mbali, ambao siku ile nilikaa nao juani, walinitazama kama mtu aliyeula. Hatukumaliza hata kupoa, tukaitwa.

Na hapo ndipo nilipogundua tulichosahau. Sote watatu, na mmoja wetu ana shahada, tulikuwa tumesahau jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeliwaza. Zahanati ilikuwa ileile. Nesi alikuwa yuleyule. Na mwanaume huyu alikuwa ameketi kwenye kiti hikihiki, wiki chache tu zilizopita, na mkewe.

Nesi alimtazama. Akainamisha kichwa upande.

"Baba, si wewe uliyekuja hapa na mama mwingine?"

Nilishaanza kuinuka kwenye kiti. Shemeji yangu akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ndiyo, nesi," akasema. "Yule mkubwa. Huyu ni mdogo."

Nesi akanigeukia. Macho yake yakashuka mpaka kwenye cheni yangu, kwenye msalaba mdogo wa Kilutheri niliopewa na mama yangu nilipobarikiwa.

"Na huyu ni Mkristo."

"Tunavumiliana," akasema shemeji.

Nilitegemea nesi atufukuze. Badala yake uso wake ulikunjuka wote. Alisimama na miguu yake ile, akamshika shemeji mkono, akamtoa mpaka verandani.

"Akina mama," akasema kwa sauti, "mnamwona baba huyu? Ana wake wawili, wote wajawazito, na wote amewaleta yeye mwenyewe. Ninyi wa kwenu ni mmoja mmoja na wanawashinda?"

Wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Hata wale wa benchi la mbali walipiga, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu nilikuwa nawajua kadhaa wao. Yule wa kwanza mumewe alikuwa dereva wa lori. Aliyemfuata alifiwa. Walikuwa wanampigia makofi mwanaume wa kuazima, huku cheti changu cha ndoa kimekunjwa ndani ya mkoba na mume wangu yuko Kigoma anafundisha kidato cha pili namna ya kuandika barua rasmi.

Haikuishia hapo. Kwa kuwa yeye alishapimwa pamoja na yule mkubwa, nikachomwa mimi peke yangu. Tukaambiwa tusubiri majibu palepale, pamoja, kwa sababu wenza wanapokea majibu pamoja. Nikasema naomba niyapokee peke yangu. Nesi akacheka. "Unamficha nini mumeo, bi mdogo?" Na akayasoma. Shemeji alikuwa amegeukia dirisha, anasoma tangazo la chanjo kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwa mwanafunzi yeyote. Majibu yalikuwa mazuri. Lakini nauliza mpaka leo, na sijapata wa kunijibu, yangekuwa mabaya ingekuwaje? Mume wa jirani yangu aliyajua majibu ya damu yangu kabla ya mume wangu, na ukuta mwembamba ndio uliokuwa unatutenganisha. Tulipotoka nje aliniambia, bila kunitazama, "Shemeji, mimi sikusikia kitu." Na kwa miezi yote tuliyokaa nyumba moja aliishi kama mtu ambaye kweli hakusikia kitu. Namheshimu kuliko wakubwa wengi ninaowajua.

Kadi ikafunguliwa. Kwenye nafasi ya mwenza likaandikwa jina lake. Nikapewa vidonge, nikapewa hati, na kabla ya mchana nilikuwa dukani. Chandarua kilikuwa cha bluu, kinanukia dawa kali. Shemeji alipomaliza kupasua kuni akaja na nyundo, akapiga misumari kwenye kona za dari ya chumba changu huku mkewe akimwelekeza kutoka mlangoni na kumcheka kwamba kwa yule mdogo anapiga misumari vizuri kuliko kwake. Nililala chini ya chandarua kile kama mtu aliyefungiwa mlango na mama yake. Asubuhi mikono yangu ilikuwa laini.

Mume wangu nilimsimulia kwenye simu. Alicheka mpaka nikasikia simu inaanguka.

"Kwa hiyo umeolewa tena, na mimi sijatoa talaka."

"Ndiyo. Tena mke mdogo."

"Na mimi sasa ni nani?"

"Wewe utajijua," nikamwambia, na tulicheka wote mpaka salio likamwishia.

Malaria haikunigusa tena mimba ile nzima. Binti yangu alizaliwa mzima, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mtaa. Jirani yangu alikuwa ameshajifungua kabla yangu, na tumbaku ilipoanza kuvunwa walifunga vyombo wakarudi Lusewa, maana bani ya kukaushia inataka macho mengi. Nilimlilia yule msichana kama ndugu.

Binti yangu alipofikia umri wa chanjo ya surua, baba yake alikuwa likizo. Mtoto alikuwa anakua, tulilala wawili chini ya chandarua kimoja naye akijigeuza mpaka mguu unatoka nje kwa mbu, na hati yake ilikuwa siku hiyo. Tulimweleza mtoto, ambaye hakuelewa kitu, kwamba leo anakwenda kupata nyumba yake mwenyewe. Mume wangu alipiga pasi shati mara mbili. Nilimwambia abaki apumzike, bado miguu ilikuwa imevimba kwa safari. Akakataa.

"Na mimi nataka kukaa benchi la mbele," akasema.

Akambeba mtoto mwenyewe njia nzima. Akakaa benchi la mbele, mtoto begani, akitazama ile picha ya ukutani, na nikaona anavuta bega langu kidogo kuelekea kwake kama yule wa kwenye picha. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi kwamba nilikuwa na furaha, na kwa furaha hiyo nikasahau tena jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeliwaza.

"Bi mdogo!" nesi akasema tulipoingia. Kadi ilikuwa wazi mbele yake. "Hujambo? Umenenepa. Na baba yetu wa mfano yuko wapi? Mpaka leo nawatolea watu mfano wake."

Kisha akamwona aliyembeba mtoto.

"Na huyu kaka ni nani?"

Kitabu cha hati kilikuwa chini ya mkono wake, kimefunguliwa kwenye ukurasa mpya, na kalamu ilikuwa vidoleni. Nilijua nikisema kweli kitabu kitafungwa. Nitaitwa mdanganyifu, na kwa kweli nilidanganya. Nitapelekwa kwa mkubwa wake, nitaambiwa nirudi na barua, na barua zenyewe nazijua. Na mfereji wetu ulikuwa bado haujakauka. Nilijua yote hayo, lakini pia nilikuwa nimemtazama mume wangu akipiga pasi shati. Nikafungua mdomo. Neno la kwanza nilikuwa nimeshalichagua, na lilikuwa "Mume."

Yeye akaniwahi.

"Mimi ni mjomba wake," akasema, taratibu, kwa sauti yake ya darasani. "Baba yake yuko Lusewa, kwenye tumbaku."

"Ahsante, mjomba. Mpe mama mtoto, usubiri nje. Humu ni wazazi tu."

Akanipa mtoto. Binti yangu hakutaka. Alikuwa ameshika kola ya lile shati kwa ngumi zote mbili, ikabidi tumfungue kidole kimoja kimoja, naye akapiga yowe ambalo sindano ya surua baadaye haikulifikia.

"Anampenda mjomba wake," nesi akasema, akiandika hati.

Nilipotoka alikuwa ameketi benchi la mbali, juani, kati ya yule mke wa dereva na mama mwingine, amewaachia upande wa kivuli.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Basi twende."

Nilimfokea njia nzima. Ndiyo, yeye, kwa sababu nesi alikuwa ameshabaki nyuma na Serikali haina uso wa kufokewa. Kwa nini umesema vile? Nani alikutuma? Alitembea amembeba mtoto, na tulipofika kwenye mfereji wetu ndipo akasema:

"Ulitaka nimnyime mtoto chandarua ili nesi aniite baba?"

Nililia palepale kwenye mfereji, kwa hasira, huku watu wanapita na kumtazama yeye kwa jicho baya, wakidhani amenifanya kitu. Jioni hiyo alining'iniza chandarua cha mtoto. Misumari ilikuwepo tayari.

Siku hizi hati hazipo tena. Mjamzito anapewa chandarua palepale kliniki, mkononi, na hilo nalishangilia. Lakini mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, mchumba wake yuko jeshini, alinisimulia akicheka kwamba amemwomba kijana wa bodaboda awe baba kwa asubuhi moja, na wakaitwa wa kwanza. Alishangaa mimi sikucheka.

Mume wangu alirudi Kigoma, na kwa kuwa ni mtu asiyependa kubeba kinyongo aligeuza mambo yakawa mzaha. Akipiga simu alikuwa anasema, "Mwambie mjomba anamsalimia." Nami nilimwekea mtoto simu sikioni nikisema, "Haya, mjomba huyo." Tulicheka kila jioni, salio likiisha tunacheka. Tulidhani anayesikia mzaha ule ni sisi wawili tu.

Uhamisho wa kufuata mwenza ulikuja pale tulipokuwa tumeacha kuuliza. Alipatikana mwalimu wa kubadilishana naye, barua zikasainiwa, na Jumamosi moja basi likamshusha mume wangu stendi, na magodoro yake, na sanduku lake la vitabu, na ndoo, na kila alichokuwa nacho. Binti yangu alikuwa anacheza mlangoni. Alipomwona anaingia uani na mizigo yake, alikimbia ndani kuniita, amejaa habari, uso unang'aa.

"Mama," akasema, "mjomba amekuja. Na amebeba vitu vyake vyote."